Kijana wa Humes na Nyimbo za Beale Street

Swali lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwa neno moja. Usiku mmoja wa Julai 1954, mjini Memphis, jimbo la Tennessee, mtangazaji wa redio aitwaye Dewey Phillips alimkalisha studio kijana wa miaka 19 aliyekuwa akitetemeka kwa woga, akaanza kupiga naye soga bila kumwambia kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi. Katikati ya soga akamtupia swali: sekondari umesoma shule gani? Kijana akajibu: Humes. Basi, ikatosha. Shule za Memphis zilitengwa kwa rangi kwa mujibu wa sheria, na kila mwenyeji alijua Humes ni ya Wazungu. Usiku ule Phillips alikuwa ameirudia santuri ya kijana huyo mara nyingi, simu zikimiminika, na wengi waliopiga waliamini kwamba anayeimba ni mtu mweusi. Sasa wakajua.

Kijana huyo alikuwa Elvis Presley. Wimbo wake ulipokuwa ukipigwa alikuwa amekwenda kujificha sinema kwa aibu, na wazazi wake ndio waliokwenda kumtafuta gizani safu kwa safu. Wimbo wenyewe, “That's All Right”, haukuwa wake. Ulikuwa wa Arthur Crudup, mwimbaji mweusi wa bluzi kutoka Mississippi, aliyeurekodi mjini Chicago mwaka 1946.

Tangu hapo watu hawajaacha kubishana. Wapo wanaosema Presley aliiba muziki wa watu weusi akautajirikia, na wapo wanaosema aliwapenda, akawaheshimu na kuwafungulia njia. Kila upande una ushahidi wake, na sehemu kubwa ya ushahidi huo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mabishano huanzia pale jina lake lilipokwisha kuwa kubwa, wakati mambo yenyewe yalianza zamani, katika mitaa ambamo sheria iliamua nani akae wapi, aingie mlango upi na anywe maji ya bomba lipi, lakini ikashindwa kuamua sauti ipi ivuke ukuta.

Alizaliwa Januari 8, 1935, mjini Tupelo, Mississippi, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili ambayo baba yake, Vernon, aliijenga kwa mkopo wa dola 180. Pacha wake, Jesse Garon, alizaliwa akiwa amekufa. Mwaka uliofuata kimbunga kiliifagia Tupelo na kuua zaidi ya watu 200; magazeti ya wakati huo yaliandika majina ya majeruhi Wazungu na kuwapuuza weusi. Mwaka 1938 Vernon alifungwa katika jela ya Parchman kwa kosa la kughushi hundi ya malipo ya nguruwe. Parchman ni jela-shamba maarufu katika historia ya bluzi, kwani watafiti walikwenda huko kurekodi nyimbo ambazo wafungwa weusi waliziimba wakilima na kukata magogo. Vernon alikuwa Mzungu, na kambi za Wazungu zilikuwa mbali na zile za weusi. Hata kifungoni rangi zilitengwa.

Umaskini wa akina Presley ulikuwa na athari moja ambayo haikutarajiwa. Baada ya kupoteza nyumba yao walihama hapa na pale, na kila walipohama walisogea karibu zaidi na watu weusi. Kwa muda walikaa jirani na Shake Rag, mtaa wa watu weusi uliokuwa kando ya reli. Kisha wakapanga nyumba North Green Street, mojawapo ya nyumba chache zilizotengwa kwa Wazungu ndani ya eneo la weusi. Hapo mtoto Elvis aliishi huku bluzi ikitoka kwenye vibaraza, na siku za ibada kelele za sifa na makofi zikitoka makanisani. Shuleni alisoma na Wazungu watupu. Aliporudi nyumbani alipita katikati ya muziki ambao vitabu vya shule yake havikuutaja.

Kanisani kwao, Assembly of God, nako watu waliimba kwa nguvu, wakalia, wakasimama na kuinua mikono. Wapentekoste maskini, weusi kwa weupe, walikuwa na mengi ya kufanana katika namna ya kumwita Mungu, ingawa hawakukaa benchi moja. Mwaka 1945, akiwa na miaka 10, alishiriki shindano la uimbaji kwenye maonyesho ya kilimo ya Tupelo. Miezi michache baadaye alinunuliwa gitaa lake la kwanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini humo.

Novemba 1948 familia ilikata tamaa na Tupelo, ikapakia vitu vyake vichache na kuhamia Memphis.

Memphis ya wakati huo ilikuwa mji wa pamba na wa ubaguzi ulionyooshwa kama kwa rula. Kwenye bustani ya wanyama watu weusi waliruhusiwa kuingia siku moja tu kwa wiki, Alhamisi. Uwanja wa michezo ya kubembea na magari ya kugongana ulikuwa na usiku wake maalumu kwa weusi. Mdhibiti wa filamu wa mji, Lloyd Binford, alipiga marufuku picha ambazo weusi na weupe walionekana kama watu wa hadhi moja. Mwaka 1947 aliizuia filamu ya kuchekesha kwa sababu watoto wa rangi zote mbili walikuwa wanasoma darasa moja. Msingi wa yote hayo ulikuwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1896, iliyosema kwamba kutenga rangi si kosa mradi huduma ziwe sawa. Huduma hazikuwa sawa hata siku moja.

Lakini katika mji huo huo, wiki chache tu kabla akina Presley hawajafika, kulitokea jambo ambalo wenye sheria hawakuliona uzito wake. Kituo kidogo cha redio, WDIA, mali ya Wazungu wawili, kilikuwa karibu kufilisika. Oktoba 1948 wakaamua kumpa kipaza sauti Nat D. Williams, mtu mweusi, mwalimu wa historia katika sekondari ya weusi ya Booker T. Washington. Vitisho vilikuja, ila matangazo ya biashara yalikuja kwa wingi zaidi. Katika muda mfupi WDIA ikawa kituo cha kwanza Marekani ambacho vipindi vyake vyote viliwalenga watu weusi, na mwaka 1954 ikaongezewa nguvu hadi wati 50,000, ikasikika katika eneo zima la mashamba ya pamba ya Mississippi. Miongoni mwa watangazaji wake alikuwamo Rufus Thomas, mwimbaji na mchekeshaji, na kijana mmoja kutoka Mississippi aliyeanza kwa kuimba tangazo la dawa ya kuongeza nguvu. Aliitwa Riley King. Wasikilizaji walimjua kama kijana wa bluzi wa Beale Street, na jina likafupishwa: B.B.

Mabasi, shule na makaburi vingeweza kutengwa. Mawimbi ya redio hayakutengeka. Kijana Mzungu aliyekaa chumbani kwake katika nyumba za serikali za Lauderdale Courts, zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu maskini, alizungusha kitufe tu na kuwasikia watu ambao hangeruhusiwa kukaa nao darasani. Elvis alikuwa mmoja wa vijana hao, na hakuwa peke yake. Dewey Phillips, Mzungu mwenye maneno mengi, alikuwa akipiga santuri za weusi kila usiku kwenye kituo cha WHBQ tangu 1949, na wasikilizaji wake walikuwa wa rangi zote.

Kisha kulikuwa na kanisa. Katika East Trigg Avenue, Mchungaji W. Herbert Brewster aliongoza kanisa la Kibaptisti la watu weusi ambalo waimbaji wa injili Marekani nzima walilijua. Brewster alikuwa mhubiri na mtunzi mkubwa. “Move On Up a Little Higher”, wimbo uliompa Mahalia Jackson umaarufu wa kitaifa mwishoni mwa miaka ya 1940, ni wake. Ibada zake zilirushwa redioni. Elvis na mchumba wake wa wakati huo walikuwa na mtindo wa kutoroka ibada ya kanisa lao la Wazungu, wakaenda East Trigg, wakakaa na kusikiliza, kisha wakarudi kabla wakubwa hawajagundua. Brewster aliwakaribisha. Alihubiri wazi kwamba utengano ni dhambi, na milango yake haikubagua.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari yote. Mpaka wa rangi ulikuwa mlango unaofunguka upande mmoja. Kijana Mzungu aliingia kanisa la weusi na kupewa kiti. Mwanafunzi wa Booker T. Washington asingethubutu kwenda kukaa mstari wa mbele katika kanisa la Elvis. Elvis alitembea Beale Street, mtaa wa biashara na starehe wa watu weusi, akasimama kwenye vioo vya duka la akina Lansky kutazama suruali za waridi na makoti mapana yaliyovaliwa na wanamuziki weusi na wacheza kamari. Ukumbi wa Palace hapo Beale Street uliandaa hata maonyesho ya usiku wa manane kwa ajili ya Wazungu waliotaka kuona wasanii weusi. Wasanii hao hawakuwa na fursa ya kwenda upande wa pili kuchukua walichokitaka. Waliokwenda huko walipitia mlango wa nyuma, wakiwa wamebeba trei au vyombo vya muziki.

Sam Phillips, ambaye hakuwa na undugu na Dewey, alikuwa Mzungu aliyekulia shambani Alabama. Januari 1950 alifungua studio ndogo ya kurekodi katika nambari 706 ya Union Avenue. Alitaka kurekodi watu weusi ambao studio nyingine za Kusini hazikuwataka, na alifanya hivyo kwa bidii: B.B. King, Howlin' Wolf, Rufus Thomas, Junior Parker. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilifika kutoka Mississippi ikiwa na spika iliyoharibika njiani. Phillips akaichomekea karatasi ndani, ikatoa mngurumo wa ajabu, naye akauacha ulivyo. Wimbo huo, “Rocket 88”, ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika chati ya watu weusi.

Ndiyo, chati zilikuwa na rangi pia. Jarida la Billboard lilikuwa na orodha ya nyimbo za weusi iliyobeba jina la “santuri za kirangi” hadi 1949, lilipobadilishwa kuwa ridhimu na bluzi. Orodha nyingine ilikuwa ya kantri, kwa Wazungu wa mashambani, na nyingine ya nyimbo zinazopendwa na wote, ambayo kwa vitendo ilikuwa ya Wazungu wa mijini. Wimbo ulipokwama katika orodha ya weusi, pesa zake zilikwama pia.

Elvis alifika kwa Phillips katika kiangazi cha 1953, akalipa dola 4 hivi kurekodi nyimbo mbili za mapenzi za taratibu. Marion Keisker, katibu wa studio, aliandika jina lake ili asisahauliwe. Mwaka ukapita. Tarehe 5 Julai 1954 Phillips alimwita pamoja na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Ilikuwa wiki saba tangu Mahakama ya Juu iamue, Mei 17, kwamba shule zilizotengwa kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kazi ya jioni hiyo haikwenda vizuri. Nyimbo za taratibu zilikuwa zimepoa kama uji wa jana. Walipopumzika, Elvis alianza kurukaruka na kuimba “That's All Right” kwa mzaha. Black akadaka besi, Moore akaingia na gitaa. Phillips, ambaye hakutegemea kijana huyo aujue wimbo wa Crudup, akachungulia mlangoni na kuwauliza wanafanya nini. Wakasema hawajui. Akawaambia waanze upya.

Ukisikiliza rekodi zote mbili utaona kwamba mwizi wa kawaida angenakili vizuri zaidi. Crudup anaimba kwa uzito wa mtu mzima anayejua anachokisema. Elvis anaimba haraka, sauti iko juu, hakuna ngoma, na gitaa la Moore lina utamu wa kantri. Ni wimbo ule ule uliopita katika koo la kijana mwenye furaha. Siku chache baadaye walichukua “Blue Moon of Kentucky”, wimbo wa Bill Monroe, Mzungu wa milimani, wakaufanyia kinyume: wakauchangamsha ukawa na mapigo ya bluzi. Santuri ilipotoka ilibeba Mississippi nyeusi upande mmoja na Kentucky nyeupe upande wa pili. Phillips aliendelea hivyo. Kila moja ya santuri tano alizomtolea Elvis ilikuwa na wimbo wa watu weusi upande mmoja, na upande wa pili kantri au wimbo mwingine wa Wazungu. “Good Rockin' Tonight” ulikuwa wa Roy Brown, “Baby Let's Play House” wa Arthur Gunter, na “Mystery Train” ulirekodiwa na Junior Parker katika studio hiyo hiyo mwaka 1953. Maduka ya Kusini yalitenga wateja. Santuri zenyewe zilichanganya.

Novemba 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wa Elvis kwa dola 35,000, bei ambayo haikuwahi kusikika kwa mwimbaji asiyejulikana nje ya Kusini. Mwaka uliofuata ulikuwa wa kishindo.

Hadithi ya “Hound Dog” inaonyesha jinsi mambo yalivyosokotana. Wimbo ulitungwa na vijana wawili wa Kiyahudi wa Los Angeles, Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa ajili ya Willie Mae Thornton, mwanamke mweusi mwenye mwili mkubwa na sauti ya radi, aliyejulikana kwa jina la Big Mama. Aliurekodi Agosti 1952. Kampuni iliyoutoa, Peacock, ilikuwa ya Don Robey, mfanyabiashara mweusi wa Houston. Mwaka 1953 ulishika namba moja kwa wiki saba katika chati ya weusi. Thornton alisimulia kwamba kwa wimbo huo alipata hundi moja ya dola 500, basi. Watunzi nao walipewa na Robey hundi ya dola 1,200 ambayo benki haikuilipa. Elvis aliujua wimbo wa Thornton, lakini toleo alilolichukua alilisikia Las Vegas kwa bendi ya Wazungu iliyolitia vichekesho, maneno yakiwa yamebadilishwa. Kwa Thornton ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemfukuza mwanamume kupe; kwa Elvis ukawa karibu wimbo wa mbwa kweli, na katika kipindi kimoja cha televisheni Julai 1956 walimvalisha suti rasmi na kumlazimisha amwimbie mbwa. Kesho yake aliurekodi kwa hasira. Ukiunganishwa na “Don't Be Cruel” katika santuri moja, ulikaa kileleni wiki 11, na uliongoza chati zote tatu: ya jumla, ya kantri na ya watu weusi.

Hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wabishani husahau. Watu weusi walizinunua santuri zake.

Wazungu wabaguzi wao walitishika. Huko Alabama, Baraza la Raia chini ya Asa Carter lilitangaza kwamba roki ni njama ya kuwashusha vijana wa Kizungu. Aprili 10, 1956, katika ukumbi wa Birmingham, wanaume wafuasi wa mrengo huo walipanda jukwaani na kumwangusha Nat King Cole, mzaliwa wa Alabama, aliyekuwa akiwaimbia Wazungu watupu nyimbo laini za mapenzi. Miezi minne baadaye, Jacksonville, Florida, jaji alimwonya Elvis kwamba akitikisa kiuno atakamatwa. Elvis akatikisa kidole kidogo tu, na wasichana wakapiga mayowe vile vile. Cole alikuwa mtulivu na akapigwa. Presley alikuwa mchokozi na akapewa onyo.

Pat Boone na Little Richard walionyesha upendeleo huo wa rangi kwa tarakimu. “Tutti Frutti” ya Little Richard, mwimbaji mweusi na mwenye wimbo, ilifika nafasi ya 17 katika chati ya jumla. Ile ya Boone, Mzungu nadhifu wa viatu vyeupe aliyeuimba kama anasoma tangazo la mkutano wa wazazi, ilifika nafasi ya 12.

Elvis mwenyewe hakuficha alikochota. Juni 1956 alimwambia mwandishi wa gazeti la Charlotte, North Carolina, kwamba watu weusi wamekuwa wakiimba na kupiga muziki huo kwa miaka mingi kuliko anayoweza kuhesabu, vibandani na kwenye vilabu vyao, na hakuna aliyejali mpaka yeye alipouchangamsha. Akamtaja Arthur Crudup kwa jina, akasema huko Tupelo alikuwa akimsikia na kutamani siku moja ahisi alichokuwa akikihisi. Mwezi huo huo gazeti la watu weusi la Memphis liliandika kwamba alivunja sheria ya mji kwa kwenda kwenye uwanja wa michezo katika usiku uliotengewa weusi.

Desemba 7, 1956, WDIA ilifanya tamasha lake la kila mwaka la kuchangia watoto weusi wenye shida, katika ukumbi wa Ellis. Ray Charles alikuwapo, B.B. King alikuwapo. Elvis alikuja kutazama, akakaa nyuma ya jukwaa; mkataba wake haukumruhusu kuimba. B.B. King alikumbuka hata uzeeni jinsi kijana huyo alivyomsalimu kwa adabu anayopewa mkubwa, jambo ambalo mtu mweusi wa Memphis hakulizoea kutoka kwa Mzungu. Mwishoni Rufus Thomas alimshika mkono akamtoa mbele ya watu. Akatikisa mguu kidogo, na ukumbi ukalipuka. Wasichana weusi wakakimbilia jukwaani. Nat D. Williams, yule mwalimu wa historia, hakufurahi moja kwa moja. Katika safu yake gazetini alijiuliza mayowe yale yana maana gani, wakati wasichana hao hawajawahi kumpigia B.B. King makelele namna ile. Lilikuwa swali zuri, na halijapata jibu rahisi.

Mwaka 1957 ulienea uvumi kwamba Elvis amesema watu weusi hawana la kumfanyia ila kununua santuri zake na kumpigia viatu rangi. Jarida la Jet, lililosomwa na weusi nchi nzima, halikuupuuza wala kuushabikia. Lilimtuma mwandishi wake, Louie Robinson, kufuatilia. Kila alipokwenda, mahali palipodaiwa kutolewa maneno hayo palibadilika. Akamkuta Elvis akiigiza filamu Hollywood. Elvis akakana, akasema kwamba hawezi kuimba kama mwimbaji mweusi Fats Domino na anajua hivyo. Waliomfahamu Memphis na Tupelo, weusi kwa weupe, walisema hayo si maneno yake. Jet ikachapisha kwamba uvumi ni uongo. Hata hivyo unaishi hadi leo, labda kwa sababu unasema kwa kifupi jambo ambalo watu wanalijua kuhusu biashara ile, hata kama mtu wanayembandikia siye.

Katika muziki, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu chenyewe ni hakimiliki. Otis Blackwell, mtunzi mweusi wa Brooklyn, aliuza nyimbo kadhaa kwa dola 25 kila mmoja Krismasi ya 1955. Mmoja wao ulikuwa “Don't Be Cruel”. Ili Elvis auimbe, ilibidi Blackwell akubali jina la Elvis liandikwe kama mtunzi mwenza. Alikubali, akaandika pia “All Shook Up”, na alipata fedha kuliko wengi. Elvis aliiga hata mitikisiko ya sauti iliyokuwa katika kanda za mfano alizotumiwa. Watu hawa wawili hawakuwahi kuonana.

Crudup hakupata hata hicho. Haki za nyimbo zake zilishikwa na meneja wake Mzungu, Lester Melrose, na baadaye zikahamia kampuni ya Hill & Range, ile ile iliyoshughulikia nyimbo za Elvis. Crudup aliacha kurekodi, akarudi kwenye kazi za mashambani, akiishi Virginia na vibarua wa msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakala wake mpya, Dick Waterman, alimpigania mpaka yakapatikana makubaliano ya dola 60,000 hivi. Crudup na watoto wake walisafiri hadi New York, wakatia saini. Kisha mkuu wa kampuni akakataa kutia yake. Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Crudup akafa 1974. Ni baada ya kampuni kuuzwa kwa wamiliki wengine ndipo warithi wake walipoanza kulipwa.

Je, hilo ni kosa la Elvis? Hakuandika mikataba ile. Lakini pia hakuna rekodi ya yeye kusimama hadharani kuipinga, wala hakuonekana katika maandamano ya haki za raia. Martin Luther King alipopigwa risasi Memphis, Aprili 4, 1968, hoteli alimouawa ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka Beale Street. Miezi miwili baadaye Elvis alirekodi “If I Can Dream”, wimbo ulioandikwa kwa uchungu wa kifo hicho, akauimba kwa sauti iliyokaribia kupasuka. Huo ndio umbali aliofika.

Sam Phillips naye ana deni. Baada ya Elvis kumwonyesha faida iliko, aliwageukia Carl Perkins, Johnny Cash na Jerry Lee Lewis, wote Wazungu, na wasanii weusi waliomjengea studio wakajikuta nje. Rufus Thomas, aliyeipa studio ile wimbo wake wa kwanza kutamba mwaka 1953, hakuacha kulisema hilo. Na ni Thomas huyo huyo aliyepiga nyimbo za Elvis kwenye WDIA baada ya tamasha lile la Desemba, akitetea kwamba weusi wanazipenda. Mtu anaweza kuyashika yote mawili bila kujipinga.

Wenzake weusi hawakuwa na kauli moja. Little Richard alisema Elvis alimfungulia mlango. Ray Charles hakumwona kuwa kitu cha kushangaza. Alisema aliyokuwa akiyafanya, watu weusi wa Beale Street walikwisha yafanya kitambo. James Brown alimlilia kama ndugu, na Elvis alipokufa Agosti 16, 1977, Brown alikuwa miongoni mwa waliofika nyumbani kwake Graceland kumwona kwa mara ya mwisho. Mwaka 1969, mwandishi mmoja wa habari alipomwita Elvis mfalme katika mkutano wa Las Vegas, Elvis alimwonyesha Fats Domino aliyekuwa chumbani humo, akasema mfalme ni huyo.

Kwangu, neno la mahakama halimfai Elvis, wala neno la malaika. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa walimu ambao nchi yake haikuwaruhusu kuitwa walimu, na nchi hiyo ikampa yeye mshahara wao. Rekodi zote zilizotajwa hapa zinapatikana kwenye intaneti. Msomaji azisikilize kwa mpangilio wa miaka: Crudup wa 1946 kwanza, Roy Brown wa 1947, Big Mama Thornton wa 1952, Junior Parker wa 1953, ndipo amfikie Elvis.